Jina la biashara, alama ya biashara, hakimiliki au hataza: uanze na kipi Uganda?

Kama una pesa ya kusajili kitu kimoja tu mwaka huu, sajili alama ya biashara. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi (patent), ingoje, na kikoa (anwani) cha pili cha tovuti kingoje pia. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi wenu mnasoma huku mzigo unangoja kupakiwa. Wenye nafasi waendelee, maana zipo hali ambazo jibu hilo linabadilika, na nyingine inaweza kuwa yako.

Mimi nafungasha asali Arua. Nainunua kwa wafugaji wa nyuki wa Yumbe, Moyo na Adjumani, naichuja, naitia kwenye chupa na kuibandika lebo. Kwa miaka minne niliamini jina langu limelindwa, kwa kuwa cheti cha jina la biashara kilikuwa kimetundikwa ukutani ndani ya fremu. Kisha shemeji yangu akarudi kutoka Kampala na chupa aliyoinunua dukani. Jina lilikuwa langu, lebo ilikuwa yangu, hata herufi moja aliyoikosea mchapaji wangu ilikuwepo. Kilichokuwa ndani ni shira ya sukari iliyoongezwa asali kidogo. Nilimpigia simu aliyeisambaza. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye ana kampuni iliyosajiliwa kwa jina linalokaribiana na hilo, je, mimi nina nini? Usiku ule nilikishusha cheti changu ukutani nikakisoma neno kwa neno. Hakikusema popote kwamba jina lile ni langu kwenye chupa.

Vyeti viwili kutoka ofisi moja

Kinachowachanganya watu ni kwamba vyeti hivi vyote vinatoka mahali pamoja: ofisi ya usajili ya taifa, URSB, yenye makao Kololo mjini Kampala na matawi Arua, Gulu, Mbale na Mbarara. Unaingia mlango mmoja, unalipa ada, unatoka na karatasi yenye nembo ya serikali. Lakini kila karatasi ina kazi yake.

Usajili wa jina la biashara unaiambia serikali nani yuko nyuma ya duka. Benki itakufungulia akaunti kwa jina hilo, na URA, mamlaka ya mapato, itakutoza kodi kwa jina hilo. Usajili wa kampuni, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2012, unakwenda mbali zaidi: unazaa mtu wa kisheria anayeweza kukopa, kushtaki na kushtakiwa bila nyumba yako kuguswa. Vyote viwili vina umuhimu wake. Hakuna hata kimoja kinachokupa uwezo wa kumzuia mwingine kuliandika jina lako kwenye bidhaa yake.

Uwezo huo unatolewa na Sheria ya Alama za Biashara ya 2010. Ukishasajili neno, mchoro au vyote pamoja, haki ya kuvitumia kwenye bidhaa ulizozitaja ni yako peke yako kwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara, bila kikomo. Hataza inakufa na hakimiliki inakufa, lakini alama inaweza kurithiwa na wajukuu mradi inatumika na inalipiwa.

Hatua zake ni hizi. Kwanza unaomba rejista ikaguliwe, ujue kama kuna aliyekutangulia. Usiruke hatua hii hata kama jina umelitunga mwenyewe. Kisha unapeleka ombi ukitaja kundi la bidhaa, kwa sababu bidhaa na huduma za dunia nzima zimegawanywa katika makundi 45. Asali iko kundi la 30, sabuni kundi la 3, mishumaa kundi la 4. Mimi natengeneza pia mishumaa ya nta, na nilipolipia kundi la 30 pekee niliiacha mishumaa nje ya ulinzi. Msajili akiridhika, ombi linatangazwa katika Gazeti la Serikali, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Zikipita kwa amani, cheti kinatolewa.

Pingamizi si jambo la vitabuni. Nairobi Java House ya Kenya ilipotaka kusajili alama zake Uganda, wenye mikahawa ya Café Javas ya Kampala walipinga, na shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 iliamua Wakenya wale waruhusiwe. Fikirieni gharama ya mawakili kwa neno lenye herufi nne.

Neno lenyewe pia lina masharti. "Asali Safi" halisajiliki, kwa kuwa kila mwenye asali safi ana haki ya kusema asali yake ni safi. Jina la mahali kama lilivyo nalo hukataliwa, kwa hiyo usitegemee kuimiliki "Arua" wala "West Nile". Wanaotaka kulinda sifa ya eneo zima wana njia yao, Sheria ya Viashiria vya Kijiografia ya 2013, na hiyo inawafaa wakulima waliojipanga kwa pamoja kuliko mfungashaji mmoja. Chagua neno lisiloelezea bidhaa. Wafanyabiashara hawapendi ushauri huu, wanataka jina linalojieleza lenyewe, na mimi niliwahi kuwa mmoja wao.

Bila cheti hujaachwa uchi kabisa. Sheria inakuruhusu kumshtaki anayeuza mali yake kana kwamba ni yako. Lakini hapo utathibitisha kwamba jina lako linajulikana, kwamba wanunuzi wanadanganyika, na kwamba umepata hasara. Unahitaji mashahidi, risiti za miaka, lebo za zamani. Mimi sikuwa na risiti za miaka miwili ya kwanza, nilikuwa nauzia kwenye ndoo. Mwenye cheti anaweka cheti mezani na mzigo wa kujieleza unahamia upande wa pili.

Neno moja kuhusu alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, ile ya Q. Inathibitisha kwamba bidhaa imefikia kiwango, na kwa bidhaa nyingi za chakula huwezi kuuza kihalali bila hiyo. Hailindi jina lako. Nimekutana na akina mama wa siagi ya karanga waliodhani imewamalizia kila kitu.

Kwenye mtandao

Miezi sita baada ya chupa ile, zilizuka kurasa mbili za mtandaoni zenye picha zangu, zikipokea oda na malipo ya simu. Mteja wa Lira alituma pesa na hakuona asali. Alinilaumu mimi, na sikumshangaa.

Mitandao mikubwa ina fomu za kulalamikia kurasa bandia. Jaza moja utaona: mapema kabisa inakuuliza namba ya usajili wa alama ya biashara, nchi, na mwenye alama. Namba ya jina la biashara haina pa kuingia. Malalamiko yangu ya kwanza, yaliyoambatanishwa na cheti cha ukutani, hayakufika popote. Ya pili yalikuwa na cheti cha alama, na kurasa zote mbili ziliondolewa. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niiweke alama mbele ya vingine vyote kwa biashara ya leo. Mahakama iko mbali na ina foleni, lakini fomu hizi zinajazwa kwa simu ukiwa umekaa ghalani.

Vipi kikoa chako mwenyewe, kinachoishia na .ug au .co.ug, dhidi ya ukurasa wa mtandao wa kijamii? Kikoa ni cha kukodi kwa mwaka, hakithibitishi umiliki wa jina. Hata hivyo ningekichukua, kwa sababu ya historia ya nchi hii. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na waliokuwa wamejenga soko lao lote pale waliamka asubuhi bila duka, wengine wakabaki wakichungulia kwa VPN. Kabla ya hapo, Julai 2018, iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, ikafutwa Julai 2021 na badala yake vifurushi vya intaneti vikatozwa asilimia 12. Anayetegemea uwanja wa mtu mwingine hupata hasara kila uwanja ukifungwa. Tovuti ndogo yenye namba ya simu na picha tano inatosha, na barua pepe yenye jina lako inawatuliza wanunuzi wa jumla.

Hakimiliki: ya bure, lakini ya nani?

Hapa hamsajili kwa lazima. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inalinda kazi tangu inapoandikwa, kuchorwa, kurekodiwa au kupangwa kama programu ya kompyuta. Kwa kazi nyingi ulinzi unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili URSB upo kwa hiari, na faida yake ni ushahidi. Tangu Uganda ilipojiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 2022, kazi hiyo inatambuliwa pia katika nchi nyingine za mkataba bila kupiga muhuri mpakani.

Swali gumu ni nani mwenyewe, na naomba mlisome polepole. Sheria ya Uganda inasema kazi iliyofanywa na mwajiriwa kazini, au iliyoagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake ni ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine.

Kwangu mimi kanuni hiyo ni baraka. Nilimwagiza kijana achore mzinga mwekundu, nikamlipa, kwa hiyo mchoro ni wangu hata bila karatasi. Abaki tu na haki ya kutambuliwa kama mchoraji, ambayo haiuziki. Tatizo ni pale mchoraji alipochukua nyuki wake kwenye intaneti. Hawezi kunipa kisichokuwa chake. Siku hizi naandika karatasi ya nusu ukurasa: nimeagiza nini, amechora mwenyewe, amelipwa kiasi gani, sahihi mbili.

Kwa mpwa wangu wa kike aliye Gulu kanuni ileile nusura imvunje. Yeye anaandika programu, na shule moja ilimwagiza mfumo wa kupokea karo kwa simu. Aliufanya vizuri mno, akapanga kuuza mfumo huohuo kwa shule nyingine kumi. Hakuwa na mkataba. Kwa maneno ya sheria, shule ile ingeweza kudai kwamba programu ni yao. Aliniambia, "Mjomba, mimi ndiye niliyekesha." Nikamwambia sheria haiulizi nani alikesha, inauliza nani aliagiza na mkataba unasema nini. Alirudi kwa mkuu wa shule kabla maneno hayajaharibika, wakaandikiana kwamba programu ni ya binti na shule ina ruhusa ya kuitumia daima. Ukiwa mwandishi wa programu, kwako mkataba unakuja kabla ya alama ya biashara, na hii ndiyo hali ya kwanza ambapo jibu langu la mwanzo linageuka. Kukabidhi hakimiliki kunatakiwa kuwe kwa maandishi yenye sahihi ya mwenye haki. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuwa ushahidi wa makubaliano, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inaupa uzito, ila usijenge nyumba juu yake.

Hataza, modeli ya matumizi, au kunyamaza

Mpwa wangu huyo alikuwa amekuja kwanza kuniuliza kuhusu hataza. Mbinu ya kufanya biashara haikubaliwi kuwa uvumbuzi chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014, na "kupokea karo kwa njia mpya" ni mbinu ya biashara. Hilo likaisha.

Fundi wa vyuma aliyenitengenezea kikamulio cha asali ana hoja yenye nguvu zaidi. Kikamulio chake kina skrubu iliyowekwa pembeni ili masega yasizibe tundu. Anaweza kuomba hataza, inayodumu miaka 20 tangu siku ya ombi, lakini lazima kitu kiwe kipya duniani kote na kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi mwenzake asingeiona kirahisi. Ada hulipwa kila mwaka, na uandishi wa ombi ni kazi ya mtaalamu. Anaweza badala yake kuomba modeli ya matumizi, kama hataza ya mdogo: miaka 10 tu, lakini hadai hatua kubwa ya uvumbuzi, upya na manufaa vinatosha. Kama kilicho kipya ni umbo la kuonekana kwa macho, kuna usajili wa umbo la bidhaa, miaka 5 inayoongezwa mara mbili hadi 15. Kwake nilipendekeza modeli ya matumizi, na nikamsihi asikipeleke kikamulio kwenye maonyesho kabla ombi halijaingia. Kitu kikishaonyeshwa hadharani, upya wake unaanza kutiliwa shaka.

Upande mwingine wa mizani ni siri ya biashara, inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Siri za Biashara ya 2009. Haisajiliwi popote. Inataka habari iwe siri kweli, iwe na thamani kwa sababu ni siri, na uwe umechukua hatua za kuitunza. Nipimavyo mimi: mnunuzi akiweza kuifungua bidhaa na kuona ulichofanya, siri haikufai. Kikamulio kinafunguliwa kwa spana. Asali yangu ya tangawizi, kiwango na joto la kuchanganyia, huwezi kuvisoma kwenye chupa. Hiyo naiacha siri, wafanyakazi wawili tu wanaijua, na wote wametia sahihi.

Namba za wateja si zako

Kulinda jina, kazi na uvumbuzi wako ni hiari. Hiki kinachofuata ni wajibu, kwa hiyo msikiweke kwenye mizani moja na vingine.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inamtaka kila anayekusanya au kuchakata data binafsi ajisajili na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na kuhuisha kila mwaka. Wengi hudhani hilo ni la mabenki na kampuni za simu. Mimi nina daftari la wateja 600: majina, simu, mtaa wa kupelekea, wengine wameniambia wana kisukari. Hiyo ni data binafsi, na ya kisukari ni nyeti zaidi. Hata wakubwa hawakusamehewa: Julai 2025 ofisi hiyo iliamua kwamba Google ilikiuka sheria kwa kutojisajili, ikaiamuru ijisajili.

Kwa duka dogo, mambo ni haya: omba ridhaa, sema data ni ya nini, usiitumie kwa kingine, ifute ikiisha kazi, na ikivuja toa taarifa mara moja. Mteja akikuandikia kwamba hataki tena matangazo, una siku 14 za kumjibu kwamba umeacha. Ukiweka orodha yako kwenye kompyuta za nje ya nchi, nchi hiyo iwe na ulinzi unaolingana na wetu au mteja awe ameridhia. Makosa makubwa, kama kuuza data za watu, yanafika kifungo cha miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mauzo yake ya mwaka.

Anayeuza kwa pesa taslimu sokoni bila kuandika jina la mtu hana haraka hapa. Anayepeleka mizigo kwa bodaboda kwa oda za simu anayo, na ningemwambia alipie usajili huu mwezi uleule anapolipia alama.

Ng'ambo ya mpaka

Alama iliyosajiliwa Uganda inaishia Uganda. Kwetu Arua hilo ni jambo la kila siku, kwa kuwa Ariwara ya Kongo na Juba ya Sudan Kusini ni masoko ya karibu kuliko Kampala.

Wengi huelekezwa ARIPO, shirika la Afrika la mali ya ubunifu lenye makao Harare. Chini ya Itifaki ya Banjul, makubaliano ya ARIPO kuhusu alama za biashara, unapeleka ombi moja na kutaja nchi unazozitaka, na Uganda, Tanzania, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Namibia zimo. Ni njia nafuu kwa anayeuza kusini. Ina mapungufu mawili. Baadhi ya nchi zilitia sahihi bila kuiingiza itifaki vizuri katika sheria zao, kwa hiyo mwenye mali nyingi Tanzania Bara hufanya vyema kusajili huko moja kwa moja pia. La pili ndilo linalotuuma sisi: Kenya ni mwanachama wa ARIPO lakini haimo kwenye Itifaki ya Banjul, na Kongo na Sudan Kusini hazimo kabisa. Kwa mfungashaji wa Arua, Busia au Malaba, ombi la Harare linaweza kulinda nchi zote isipokuwa zile anazouzia.

Kwa hiyo linganisheni kwa ramani ya mauzo yenu, si kwa wingi wa nchi mnazopewa kwa bei moja. Na zingatieni saa: ukiomba alama Uganda, una miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine za Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa mali ya viwanda, huku tarehe yako ya Uganda ikihesabiwa. Mimi niliikosa miezi hiyo kwa kutojua. Ombi langu la Nairobi limeingia kwa tarehe yake yenyewe, kundi la 30 na la 4 safari hii. La Kinshasa linatafsiriwa kwa Kifaransa. La Juba nitalipeleka mauzo ya kule yakifika katoni 100 kwa mwezi. Mwezi uliopita zilikuwa 82.